Jagi Lisilo na Kitako

Jumamosi, 16 Machi 2019

Mgongo umekwisha. Viganja vimejaa malengelenge. Lakini makaburi yamesafishwa, na aliyesimamia ni mimi.

Miaka mia na zaidi watu wetu wamelala mle kwenye msitu wa misonobari wa akina Rudd, wazungu waliowamiliki utumwani, kama mizigo iliyosahauliwa stesheni. Jiwe moja tu limesimama, nalo halisomeki. Kwingine kote vichaka, mizizi, mashimo ya kuvunja watu miguu. Na takataka! Sijui ni nani amekuwa akitupa taka zake juu ya maiti zetu. Sahani zilizovunjika, vikombe visivyo na mikono, makombe ya pwani, chupa za dawa, saa ya mezani iliyooza, hata taa ya mafuta. Nilimwambia binamu Thaddeus, wanatudharau hata tukiwa chini ya udongo. Thaddeus ni shemasi, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mkutano wa ukoo, na trekta ni lake. Akasema, dada, leo tunawaonyesha. Akayasawazisha mashimo yote. Tela limekwenda dampo la kaunti mara tatu. Sasa ni tambarare, kiti cha magurudumu kitapita.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe. Shangazi Odessa ana miaka tisini na tano na haoni tena. Ndiye peke yake aliyebaki anayejua alipolazwa Isom, babu wa babu yangu. Kila nikimuuliza wapi hasa, jibu ni lile lile: nipeleke, mkono wangu utapajua. Maneno ya kizee. Lakini sasa anaweza kupelekwa. Mwezi wa nane, wakati wa mkutano wa ukoo, tutamwekea Isom jiwe, na Shangazi siku yake ikifika atalazwa ubavuni pake. Nimemwahidi.

Hollis Rudd alipita na pikapu yake. Nimemzidi miaka kumi, ananiita Lavonia, kavu kavu, na mimi bado ulimi wangu unasema "Bwana Rudd" kabla sijauzuia. Alilitazama tela, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, mmefanya kazi. Akaondoka.

Karibu nichukue jagi moja la buluu, zuri, la kuwekea maua mezani kwa Shangazi. Nikaligeuza. Halina kitako. Nikalirusha kwenye tela.


Jumapili, 7 Aprili

Shangazi ana nimonia. Daktari kasema asitoke nje, hata kwenda makaburini, mpaka homa itulie. Amenuna kama mtoto aliyenyimwa sherehe.

Nilimpikia bamia na mkate wa mahindi, akala vijiko vitatu. Kisha akauliza habari za karatasi. Miaka kumi na moja sasa namtafuta Isom Tarpley. Sensa, hati za ardhi, vitabu vya kanisa. Nilipanga barua posta ya Cleveland, huko Kaskazini, miaka ishirini na sita, hakuna barua iliyonipotea, lakini babu yangu mwenyewe simwoni popote kabla ya mwaka 1870. Na tunajua alipigana! Alitoroka shambani, akaingia kikosi cha weusi cha jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akarudi na risasi kwenye nyonga. Kila mtoto wa ukoo anaijua hadithi hiyo. Serikali tu ndiyo haiijui.

Shangazi akasema taratibu, umetafuta kwa jina la Rudd?

Nikamwambia sitaliandika jina lile kando ya jina lake. Nikasema kwa sauti ambayo mgonjwa hapewi. Akaniambia, mwanangu, alipojiandikisha alikuwa na siku nne tu za kuwa mtu huru. Jina la Tarpley alilichagua baadaye. Wewe ulitaka awape jina gani wale askari?

Miaka kumi na moja. Kwa ajili ya kiburi changu.


Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Nimeandika. Isom Rudd. Kalamu ilikuwa nzito. Barua imekwenda Washington.


Jumanne, 28 Mei

Limekuja. Faili la pensheni, kurasa themanini na nne. Nimeketi jikoni tangu asubuhi, glasi ya chai ya barafu imetoka jasho hadi meza imelowa.

Yupo. Isom Rudd, urefu futi tano na inchi saba, ngozi nyeusi, kazi yake mkulima, amezaliwa Georgia. Jeraha nyongani kushoto. Amekufa Novemba 1891. Nililia, halafu nikakasirika kwa kulia.

Zilizobaki karibu zote ni za mkewe, Dicey, akiomba pensheni ya mjane. Miaka sita wamemsumbua. Una cheti cha ndoa? Mtumwa atapata wapi cheti. Una hakika amekufa? Kaburi lina jiwe? Mbona hakuna jiwe? Mkaguzi wa pensheni alikuja na farasi hadi kibarazani kwake kumhoji, eti asije akawa anadanganya. Amejibu kila swali. Chini kaweka alama ya msalaba, na kila msalaba umekandamizwa sana.

Kisha shahidi, jirani yao, Phillis. Maneno yake nayanakili hapa kama yalivyo:

"Nilimwosha mimi pamoja na mkewe. Tulimzika kwenye mierezi, huko nyuma kwa Rudd. Jiwe la kaburi hatukuwa nalo. Dicey alileta jagi la buluu ambalo Isom alikuwa akinywea maziwa, tukalivunja kitako kwa jiwe, tukaliweka kichwani pake. Kila mtu wa huku anajua: penye jagi la buluu ndipo alipo Isom."

Pembeni mkaguzi kaandika: shahidi ni mjinga, ila anaonekana mkweli.

Nimesoma mara tano. Ya sita sikuweza.


Jumatano, 29 Mei

Nimekwenda dampo. Mwenye zamu getini ameniuliza natafuta nini. Nikasema jagi. Lilitupwa lini? Machi. Akacheka, si kwa ubaya. Akanionyesha kilima. Mama, Machi iko chini ya futi kumi na tano za Aprili na Mei.

Nilisimama pale hadi harufu ikanishinda.

Ile haikuwa taka. Ile saa, ile taa, zile sahani. Kila kimoja kilikuwa jina la mtu. Dicey hakujua kuandika, akaandika kwa jagi, na jagi likasomeka miaka mia na ishirini na saba, mpaka nikaja mimi, msomi wa familia, na glavu mpya.


Alhamisi, 6 Juni

Shangazi kapata nafuu. Nilijitia hamnazo. Nikamuuliza, Shangazi, zamani watu walikuwa wakiweka vyombo makaburini?

Uso ukamng'aa. Nilidhani baba yako alikwisha kukuambia, akasema. Baba hakuniambia chochote. Baba alipofika Cleveland aliyaita mambo ya huku ushamba, akafunga mlango.

Akaeleza. Unaweka alichokitumia mwenyewe mara ya mwisho. Unakivunja. Kikibaki kizima, kifo kitarudi nyumba ile ile kutafuta mwingine. Ukikivunja, mnyororo umekatika. Halafu akacheka kidogo: na vilevile hakiibwi. Nani atataka jagi lisilo na kitako?

Nikalikumbuka tela.

Shangazi alikuwa na miaka sita. Babu yake, Moses, mwana wa Isom, alimshika mkono akaenda naye kupalilia. Akamwambia, gusa hapa, huyu ndiye baba yangu. Kila mwezi wa Mei walikwenda, kisha akaenda peke yake, kisha miguu ikakataa. Mkono wangu utapajua, kasema tena. Nitalitafuta jagi tu.

Kisha: Bado lipo, siyo? Mlipokuwa mkisafisha, mliliona?

Nikasema nimeliona. Hilo ni kweli.

Lipo wapi?

Lipo palepale, Shangazi.


Ijumaa, 7 Juni

Sikulala vizuri. Sina la kuandika juu ya mtu anayemdanganya kipofu.


Jumapili, 23 Juni

Baada ya ibada nilimvuta Thaddeus hadi kwenye maegesho nikamweleza yote. Alikuwa amevaa fulana ya mkutano, zimeshachapwa mia mbili na arobaini: WATOTO WA ISOM, rangi ya zambarau.

Kwanza akakataa. Kisha akasema, wewe ndiye uliyesema ni takataka.

Na wewe ulizaliwa huku, nikamwambia. Mama yako kazikwa maili mbili kutoka pale. Hukujua?

Bibi alikuwa na mambo hayo, akasema. Mchungaji alituambia ni ushirikina. Sikuwahi kuuliza. Akafuta uso kwa mkono wa fulana. Dada, jiwe limeshachongwa. Watu wanatoka Detroit, wanatoka Oakland. Yumo mle ndani mahali fulani. Tuliweke katikati, tuandike "amelala hapa", nani atajua?

Shangazi.

Shangazi haoni, dada Vonnie, akasema.

Nilitaka kumzaba kofi, na yeye ni shemasi, na tupo nje ya kanisa. Baadaye nikiwa garini nikaona kwamba hasira yenyewe ilitokana na jambo moja: mimi nilikuwa nimeshawaza hivyo kabla yake.


Jumanne, 16 Julai

Chuo kimoja kina mashine ya kuonyesha makaburi chini ya udongo. Nimezungumza na kijana wao kwenye simu, mwenye adabu sana. Itaonyesha mashimo, mama, pengine arobaini. Majina haiwezi.

Basi nikaenda kwa Hollis Rudd. Nilijikaza. Nilidhani labda wana picha ya zamani, ramani, chochote. Alinikaribisha kibarazani, akanipa njugu za kuchemsha kwenye bakuli la plastiki. Ng'ambo ya uwanja yapo makaburi ya kwao: uzio wa chuma, marumaru, kila mtoto aliyekufa kwa surua ana malaika wake wa jiwe.

Nilimweleza yote. Picha hana. Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau mpaka nife.

Akasema, babu yangu hakuwaruhusu wakata miti kuingia na mashine mle. Alikuwa akiwaambia, mkiona vyombo, zungukeni. Hapo pana watu. Baba alisema hivyo hivyo. Na mimi nimekuwa nikisema hivyo.

Nikamuuliza, na ile Machi? Ulipotuona na tela?

Akatazama viatu vyake. Nilitaka kusema, akasema. Kisha nikafikiri, ni vyao. Mimi ni nani wa kumwambia mtu mweusi namna ya kutunza makaburi ya watu wake? Nilidhani mnajua mnachofanya, Lavonia.

Nimekuja nyumbani nikiwa na uchungu ambao sijui pa kuutua. Nimekuwa nikiwachukia watu hawa kwa ufasaha maisha yangu yote, na sababu ninazo, zimo ndani ya faili, ukurasa baada ya ukurasa. Walimfuga Isom kama nyumbu. Wajukuu zao wakayazunguka makaburi yetu kwa heshima, vizazi vitatu. Waliopitisha trekta juu ya kifua chake ni sisi. Ni mimi. Na yule mwanamume akafunga mdomo kwa adabu, mara moja tu maishani mwake alipotakiwa kuropoka.

Njugu zake sikuzila. Zilikuwa nzuri, nilizinusa.


Jumatano, 31 Julai

Moyo wa Shangazi unachoka. Miguu imevimba, mtungi wa oksijeni hautoki kitandani pake. Daktari hataji wiki wala miezi, anapapasa tu kalamu yake.

Amenishika mkono leo. Akasema, sijaolewa, sina mtoto, nyumba si yangu. Nimefua nguo za watu miaka sitini. Kitu kimoja tu nimekitaka, nisilale peke yangu. Babu aliniambia nikilala pale nitakuwa na watu wangu.

Nilifungua mdomo kumwambia. Mungu anajua, ulikuwa wazi. Akasema, wewe ni mtoto mwema, Vonnie, wengine wote wamesahau. Mdomo ukafungika wenyewe, kama wa Hollis Rudd.

Nitamlaza ubavuni pa mgeni. Nayaandika ili niyaone. Nitamlaza ubavuni pa mtu asiyemjua, na atakwenda akidhani amefika.


Jumatatu, 5 Agosti

Duka la vitu vya mitumba, barabara kuu. Rafu ya vyombo. Yalikuwepo majagi mawili ya buluu, nikachukua yote.

Nyuma ya nyumba, juu ya ngazi, kwa nyundo. La kwanza lilipasuka vipande vipande. La pili nililifunga kwa taulo, nikaligonga polepole, kitako kikatoka kizima kama kifuniko. Nilijikata kidole gumba.

Nikalipeleka makaburini. Kuna mierezi mitano. Nilichagua wa pili kwa sababu una kivuli, na kiti cha magurudumu kitageuka vizuri. Kwa sababu hiyo tu. Nikalichimbia nusu, nikalipaka udongo mwekundu, nikalimwagia maji likae kama la zamani.

Thaddeus alinikuta nikinawa. Akanipa leso.


Ijumaa, 9 Agosti

Naandika ndani ya gari. Mwandiko mbaya, naandika juu ya usukani.

Kesho ndio mkutano. Nyumba zote zimejaa wageni na sufuria. Leo ni jiwe tu: mafundi wawili, Thaddeus, mimi, na Shangazi. Alivaa kofia yake ya Pasaka. Njia nzima alikuwa akiimba kwa pua, pumzi zikikatika. Tulipomteremsha akavuta hewa akasema, mierezi. Nikadhani tumefaulu.

Kiti kilipita vizuri sana. Tambarare, hakuna hata shimo moja. Akauliza mbona hatutikisiki. Thaddeus akasema, tumesawazisha, Shangazi. Akasema, ahaa.

Nikamsogeza hadi kwenye mwerezi. Nikainama, nikauongoza mkono wake. Likamgusa vidole. Akatabasamu — lo, namna alivyotabasamu! Akasema, babu, nimekuja. Akanitaka nilichomoe nimpe, alipakate kidogo. Nikalichomoa. Likatoka upesi mno.

Akalizungusha mikononi. Akakipapasa kishikio. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba pembezoni mwa tundu, polepole, akazunguka mara moja. Akarudia. Mafundi walikuwa wakizungumza habari za mpira, wakaacha.

Kali hivi, akasema.

Kidole chake kikabaki ukingoni.

Nilipokuwa na miaka sita nilipitisha kidole hapahapa, akasema. Palikuwa pamelainika. Kama ufizi wa mtoto mchanga.

Nikamwita, Shangazi. Ndilo neno pekee lililotoka. Akanyanyua kiganja, si kwa ukali, kama mtu anayezuia mlango usigonge. Akasema, Vonnie, nenda garini ukaniletee maji.

Maji ninayo. Chupa iko mapajani mwangu, nimeishika kwa mkono wa kushoto. Kupitia kioo nawaona wote. Jiwe liko kwenye kamba, linaning'inia kidogo kutoka ardhini, jina lake linasomeka hadi hapa: ISOM TARPLEY. Fundi ameegemea sepetu. Jagi lipo mapajani pa Shangazi, amelifunika kwa mikono yote miwili. Nasikia Thaddeus akimuuliza mara ya tatu, wachimbe hapa, Shangazi? Ni hapa?

Hajamjibu. Ameugeuza uso kuelekea upande wa gari, ananingoja.